Mizani ya Mhakiki: Mhadhara Juu ya Desturi za Msomaji wa Vitabu



Nimeombwa niseme jioni hii juu ya namna ninavyosoma, mimi ambaye kwa muda mrefu kazi yangu imekuwa kuandika maoni juu ya vitabu vilivyotungwa na wenzangu. Na ingawa si ada ya watu wastahivu kujitaja nafsi zao mbele ya hadhara, nimeitikia wito huu kwa kuwa naamini kwamba msomaji wa tahakiki ana haki ambayo aghalabu hapewi, nayo ni haki ya kujua mhakiki ni mtu wa namna gani, hupenda nini, huchukia nini, na husoma vipi kabla ya kushika kalamu na kuhukumu. Mnunuzi wa mchele hamwulizi mwenye duka habari za nasaba yake, lakini hutaka mizani iwekwe mbele ya macho yake na mawe yaonekane yakitiwa katika sahani. Basi na mimi leo nimekuja kuweka mizani yangu mezani, ili kila atakayesoma hukumu zangu ajue zimepimwa kwa mawe gani.

Muradi wangu nautanguliza, usije ukapotea katika wingi wa maneno. Mapenzi ya mhakiki hayakidhulumu kitabu maadamu yametangazwa. Yanayodhulumu ni mapenzi yaliyojificha nyuma ya istilahi za wataalamu, yakajidai kuwa ni sheria. Na kwa sisi tunaosoma Kiswahili, ambao vitabu vyetu ni vichache na wahakiki wake ni wachache zaidi, liko jambo la pili lifuatanalo na hilo: mhakiki hana ruhusa ya kukaa ndani ya mapenzi yake peke yake.

Nianze na saa za kusoma. Nathari huisoma alfajiri, baada ya sala na kabla ya mji kuamka, kwa sababu sentensi ndefu hutaka akili ambayo haijagawanywa bado na madai ya siku; na ushairi huusoma usiku, kwa sauti, hata kama nyumbani hamna wa kunisikiliza. Desturi hii ya pili baadhi ya jamaa zangu huiona kichekesho, lakini ina hoja yake. Tenzi zetu hazikutungwa kwa ajili ya macho. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane kwa kawaida, vitatu vya mwanzo vikikubaliana kwa vina vyao, na cha nne kikibeba kina kimoja kirudicho tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Na tartibu yote hiyo imewekwa ili sikio lijue, bila ya kuambiwa, kwamba fikra moja imekoma na nyingine inaanza. Asomaye Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kimyakimya, kwa haraka ya mtu asomaye gazeti, atapata mawaidha juu ya kupita kwa dunia na habari za majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, naye atafunga kitabu akiwa ameridhika. Walakini vipande vya utungo huo vina mizani kumi, si nane, na ziada hiyo ya mizani mbili, ambayo jicho huipita bila ya kuijali, ndiyo iupayo utungo mwendo wake mzito wa mtu atembeaye polepole kati ya kuta zilizobomoka. Jambo hilo halijulikani ila kwa ulimi na sikio.

Kadhalika utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, alioutunga mwaka 1858 katika maradhi yake, akimwusia bintiye Mwana Hashima juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Wapo waliousoma kama orodha ya maamrisho kwa wanawake, wakaukasirikia au wakausifu kwa sababu hiyo hiyo moja. Mimi nadhani kwamba atakayeusoma kwa sauti, akakumbuka kuwa asemaye ni mama aliyelala kitandani na asikiaye ni mwana anayekaribia kuwa yatima wa mama, atasikia huruma na hofu chini ya kila agizo, na hata akiyakataa baadhi ya maagizo yale atayakataa kwa staha. Hukumu mbili zilizo mbali namna hii zaweza kutokana na kitabu kimoja kwa sababu tu ya namna kilivyosomwa. Ndiyo maana nasema kwamba desturi za kusoma si mambo ya faragha ya mhakiki, ni sehemu ya hukumu yenyewe.

Kitabu nitakachokihakiki hukisoma mara ya kwanza bila ya kalamu mkononi, na bila ya kusoma dibaji yake. Kalamu humfanya mtu awinde makosa kabla hajafurahi wala kuhuzunika, na mwandishi wa hadithi ana haki ya kumpata msomaji angalau mara moja katika hali ile aliyomtarajia. Chukueni mathalani Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammad Said Abdulla, hadithi iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Humo ndimo Bwana Msa, pamoja na kiko chake na rafiki yake Najum, alimoingia katika fasihi yetu kupeleleza mauaji. Na mtu yeyote aliyepata kusoma visa vya Sherlock Holmes vya Arthur Conan Doyle atautambua udugu uliopo. Mhakiki akikianza kitabu kama hiki kwa kuandika pembeni majina ya athari na vyanzo, atakuwa ameupoteza utamu wenyewe uliomfanya mwandishi aketi kuandika, yaani ile shauku ya kutaka kujua nani aliua na kwa nini. Mimi husoma kwanza kwa shauku hiyo. Na nikiandika juu ya hadithi za namna hii sifichui mwisho wake, kwa kuwa mwenye kuufichua humnyang'anya msomaji kitu ambacho hawezi kumrudishia.

Kalamu huja katika usomaji wa pili, ambao hautafuti tena kitakachotokea, hutafuta jinsi kilivyotengenezwa. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ni kitabu ninachokirudia kila baada ya muda, nacho hunionyesha faida ya usomaji huo. Anayekisoma mara ya kwanza huona kesi: Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na manufaa, wakalipwa vifungo. Anayekisoma mara ya pili huona hila ya sanaa iliyomo, kwamba mshitakiwa hajibu mashitaka yake kwa hoja kavu za kisheria, bali huwageuza waamuzi wake kuwa wasikilizaji wa hadithi, siku baada ya siku, hata baraza lililokuja kuhukumu likawa ndilo linalopimwa. Na akikumbuka kwamba kitabu kilichapishwa wakati wa utawala wa Waingereza, ataelewa kwa nini mwandishi aliiweka nchi yake hewani, mahali pasipofikiwa na ramani ya serikali yoyote.

Alama zangu sizitii katika kurasa. Katika miji yetu kitabu kimoja hupita mikono mingi, na aghalabu nakala niliyo nayo ni amana ya rafiki au ya maktaba. Hivyo huandika katika vipande vya karatasi, nikivigawa katika mafungu matatu: lugha, mwendo wa kisa, na maana. Fungu la lugha ndilo hujaa kwanza, na hapo hunifaa sana kamusi mbili zisizofanana hata kidogo. Moja ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, inayoniambia Kiswahili cha shule na ofisi kimekubali nini. Ya pili ni ile ya padri Mfaransa Charles Sacleux, aliyeishi Unguja na Bagamoyo miaka mingi, na ambayo ilichapishwa Paris kuanzia mwaka 1939. Humo mna maneno ya Kimvita, ya Kiamu, ya Kingazija na ya lahaja nyinginezo, pamoja na majina ya miti na samaki ambayo hayamo katika kamusi za sanifu. Mhakiki mwenye kamusi ya kwanza peke yake atamwona mwandishi wa Pemba au wa Lamu kuwa amekosea pale ambapo amesema kwa lugha ya mama yake. Na dhuluma ya namna hiyo imetendeka mara nyingi tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilipoanza kazi ya kukisanifu Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, kazi ambayo manufaa yake hayakanushiki.

Dibaji huisoma mwisho kabisa, isipokuwa katika vitabu vya kale, ambavyo kwavyo kanuni yangu hupinduka. Kitabu cha kale hakitufikii kutoka mkono wa mtungaji moja kwa moja. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840 hivi, hayakuchapishwa naye. Yalihifadhiwa katika vifua vya watu, yakakusanywa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua pamoja na padri W. E. Taylor, kisha yakahaririwa na William Hichens na kutolewa Johannesburg mwaka 1940, karne nzima baada ya mwenyewe kuzikwa. Basi niusomapo ubeti wa Muyaka sina budi kuuliza: hapa anasema Muyaka, au anasema aliyemkumbuka, au anasema mhariri aliyegeuza hati za Kiarabu kuwa za Kirumi? Masuali hayo hayapunguzi utukufu wa malenga yule, lakini humzuia mhakiki asimsifu mtungaji kwa kazi ya mhariri, wala asimlaumu kwa kosa la mnakili. Vivyo hivyo Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, kitabu ninachokipenda kuliko vitabu vyote vya tarehe vilivyoandikwa kwa lugha yetu. Ukijua kwamba mwandishi wake aliishi Usambara na kuwatumikia baadhi ya wakubwa anaowasimulia, utayaonja maneno yake kwa ladha nyingine: utaamini zaidi aliyoyaona, nawe utajihadhari zaidi panapohusu mahasimu wa mabwana zake.

Sasa nifike kwenye mapenzi yenyewe. Napenda, kwanza, nathari iliyo na utulivu, ambayo sentensi yake hujua tangu neno la kwanza inakokwenda. Nalo ni jambo nililolipata kwa Shaaban Robert, hasa katika Maisha Yangu na katika Wasifu wa Siti binti Saad, ambamo maisha ya mwimbaji aliyezaliwa Fumba katika umaskini yamepewa heshima iliyokuwa hapo kale ikiwekewa masultani na mashekhe. Pili, napenda kitabu kinachojua kazi za watu. Kuli ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1979, hunipendeza kwa sababu hiyo: mgomo wa wachukuzi wa bandari ya Unguja wa mwaka 1948 hauelezwi kwa hotuba peke yake, huelezwa kwa uzito wa gunia mabegani, kwa njaa na kwa jasho, hata msomaji asiyepata kuiona gati akaelewa kwa nini watu wale walikataa kufanya kazi. Tatu, napenda mazungumzo yanayosikika kama watu wanavyosema barazani na sokoni; na hapo waandishi wa Unguja na Pemba, kama Mohamed Suleiman Mohamed katika Nyota ya Rehema ya mwaka 1976, huniteka kirahisi, pengine kwa wepesi usio wa haki kwa mwandishi wa bara ambaye Kiswahili alikikuta shuleni.

Nisivyovipenda navyo nivitaje. Sipendi hadithi ambayo mwandishi wake ameshaamua tangu ukurasa wa kwanza nani mwema na nani mwovu, kisha akawaburura watu wake mpaka kwenye funzo. Hapa atasimama mtu aniambie: je, huyo Shaaban Robert unayemsifu, si ndiye aliyewapa watu wake majina ya Majivuno na Utubora, ili tusihangaike kuwajua? Nami nitamjibu kwamba ndivyo, na kwamba katika vitabu vyake nampenda zaidi anaposimulia maisha ya watu wa kweli kuliko anapobuni nchi za mfano. Lakini hata katika nchi hizo lugha yake hufanya kazi ambayo wahusika wake hawaifanyi. Mpenzi wa kitabu si lazima apende kila kitu kilichomo, na mhakiki asiyeweza kutaja upungufu wa kitabu akipendacho hastahili kuaminiwa anapotaja upungufu wa kile asichokipenda.

Katika ushairi mapenzi yangu yako upande wa arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, nami nalitamka hilo waziwazi kwa sababu ndipo palipo hatari kubwa ya kudhulumu. Katika miaka ya 1970 palikuwa na mabishano makali juu ya mashairi yasiyofuata vina na mizani: upande mmoja walikuwapo akina Mulokozi na Kahigi, waliotoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, na Euphrase Kezilahabi, aliyetoa Kichomi mwaka 1974, na upande wa pili walisimama waliosema kwamba kisicho na vina na mizani hakiitwi shairi katika Kiswahili. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973 na kutungwa gerezani, alikofungwa kwa kuandika waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi, ilinithibitishia kwamba utungo wa arudhi waweza kubeba siasa kali na fikra mpya kabisa, na kwamba mtu hahitaji kuziacha kanuni za wazee ili aseme ambayo wazee hawakuyasema. Walakini uthibitisho huo hautoshi kumhukumu Kezilahabi. Yeye nilimpima kwa desturi ile ile ninayowapimia malenga, yaani kwa kusoma kwa sauti usiku. Na nikasikia kwamba mahali pa mizani pamechukuliwa na pumzi, kwamba mstari wake hukatika pale fikra inapokwama, na kwamba yapo mashairi katika Kichomi ambayo yasingeweza kusema yanayoyasema kama yangelazimishwa kurudi kwenye kina. Sikuyapenda kwa hilo kuliko ya Muyaka. Lakini niliyaandikia sifa yaliyostahiki, na msomaji wangu akajua kuwa sifa hiyo imetoka kwa mtu asiyekuwa wa upande ule. Nadhani ilikuwa na uzito zaidi kwa sababu hiyo.

Vivyo hivyo riwaya mbili za Kezilahabi, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, kila kimoja hakifiki kurasa mia, navyo vimenichukua saa nyingi kuliko majuzuu manene, kwani mambo humo hayafuatani kwa wakati wala kwa mahali, na msomaji aliyezoea kisa chenye mwanzo na mwisho hujikuta hana pa kushika. Kwa hiari yangu nisingevirudia. Kwa wajibu nimevirudia, na kila mara nimeona kwamba ugumu wake una nidhamu, kwamba haukutokana na uvivu wa mwandishi. Na hiyo ndiyo tofauti ambayo mhakiki hulipwa, kama hulipwa, ili aione.

George Orwell, mwandishi wa Uingereza aliyejua taabu za kazi hii, aliandika mwaka 1946 insha juu ya maisha ya mhakiki, akimwonyesha mtu aliyechoka, aliyezungukwa na vitabu visivyomhusu, akitafuta la kusema juu ya vitu ambavyo havikumgusa moyo. Rai yake ilikuwa kwamba vitabu vingi visiandikiwe chochote, na vile vichache vyenye thamani viandikiwe tahakiki ndefu za maneno elfu moja au zaidi. Kwa London ya wakati ule, iliyofurika vitabu na magazeti, rai hiyo ilikuwa na hekima, na nusu yake ya pili naikubali hata kwetu. Nusu ya kwanza siikubali. Katika lugha yenye vitabu vingi kunyamaza kwa mhakiki ni kunyamaza tu, kwani yuko mwingine atakayesema. Katika lugha yetu, ambayo kitabu kisichotiwa katika mtaala wa shule huenda kisiuzwe nje ya mji wa mchapishaji wake, kunyamaza ni hukumu, tena hukumu iliyotolewa bila ya kesi kusikilizwa. Ndiyo sababu nasoma nisivyovipenda, na ndiyo sababu nikianza kitabu kwa ajili ya kukihakiki hukimaliza, ingawa kile nilichokichukua kwa starehe yangu hukitupa bila ya majuto kikinichosha.

Zimebaki kanuni mbili ndogo. Sisomi tahakiki ya mwingine juu ya kitabu kabla sijamaliza kuandika yangu, kwa kuwa maneno ya mtu mwenye ufasaha huingia katika kalamu ya msomaji bila ya idhini. Na kitabu cha rafiki sikihakiki pasipo kusema katika aya ya kwanza kuwa ni cha rafiki. Nikiona haya kuyaandika maneno hayo, hiyo ni dalili tosha kwamba kazi hiyo yafaa apewe mtu mwingine.

Mabibi na mabwana, wako kati yenu walimu, wahariri wa magazeti na wanafunzi. Wahariri nawaomba wamtake kila mhakiki aeleze, japo kwa sentensi moja, anasimama wapi. Na wasiridhike na tahakiki inayosimulia kisa kisha ikamalizia kwa kusema kwamba kitabu ni kizuri na kila mtu akisome. Walimu nawaomba, kila mwaka, wamtake kila mwanafunzi asome kitabu kimoja cha Kiswahili kisichokuwamo katika mtihani, akiandikie ukurasa mmoja, aseme kwanza yeye hupenda nini, ndipo aseme kitabu kimempa nini. Na nyote nawaomba mnunue vitabu, mkivisoma mviazime kwa wenzenu, na mkiona mhakiki amekosa insafu mwandikieni mumwambie, kwa jina lenu na kwa hoja, kwa maana yeye naye ana haki ya kujua mizani yenu.